Data kupita salama si kufika kamili: Funzo kwa waandishi wa programu za C

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa hupita Malili, ulipo mji wa teknolojia wa Konza, kisha hufika Salama katika Kaunti ya Makueni kabla ya kuingia Sultan Hamud na Emali. Ni mji mdogo wa kando ya barabara, unaofahamika zaidi na madereva wa malori ambao huegesha hapo, hula, hulala na kuendelea na safari yao.

Lakini si malori pekee yanayopita katika ukanda huo. Barabara na reli ya Mombasa zinaandamana na nyaya za faiba zinazobeba mawasiliano kati ya pwani na jiji kuu. Tangu mwaka wa 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, na ile ya EASSy ikafuata mwaka wa 2010, Kenya iliacha kutegemea setilaiti kwa mawasiliano yake na nchi za nje, na data nyingi ikaanza kupanda bara kutoka pwani.

Jina la mji huu lina uzito katika mada ya leo. Njia mojawapo inayotumiwa zaidi na wataalamu kuingia katika tarakilishi iliyo mbali inaitwa SSH, herufi zinazosimamia maneno yenye maana ya “ganda salama”. Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu katika vyuo vyetu hukutana nayo mapema, na wengi huamini kwamba kwa kuwa njia ni salama, basi kila kinachosomwa kutoka kwayo ni kamili.

Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Usalama wa njia ni jambo moja, na ukamilifu wa ujumbe ni jambo jingine. La kwanza hulindwa na SSH. La pili humwangukia aliyeandika programu inayosoma.

Chimbuko lake

SSH ilibuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland. Mtandao wa chuo hicho ulikuwa umevamiwa na wezi wa nywila. Nyakati hizo, mtu aliyetaka kuingia katika tarakilishi ya mbali alitumia itifaki kama vile Telnet, ambayo ilipeleka jina na nywila zikiwa wazi, sawa na barua isiyotiwa katika bahasha. Aliyeweza kuchungulia waya alizisoma bila taabu.

Ylönen aliandika programu iliyofunga mazungumzo yote kwa maandishi ya fumbo. Aliomba na kupewa lango namba 22, lililokuwa wazi kati ya namba 21 ya itifaki ya FTP na namba 23 ya Telnet, yaani katikati ya zile mbili alizokusudia kuzirithi. Mwaka wa 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walitoa OpenSSH, toleo la bure ambalo limeenea duniani kote, na Januari 2006 kanuni za itifaki hiyo zilichapishwa rasmi kama viwango vya intaneti.

SSH hufanya kazi nne. Huthibitisha kwamba seva unayozungumza nayo ndiyo uliyoikusudia. Huthibitisha kwamba wewe mwenyewe una haki ya kuingia. Huficha yanayosemwa. Na hugundua iwapo mtu amebadilisha hata herufi moja njiani.

Kuna kazi ya tano ambayo haifanyi: haikuambii ujumbe wako unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwake, yote yapitayo ni mfululizo wa baiti, moja baada ya nyingine, kama maji ya mfereji. Maji hayana mipaka ya ndoo. Mwenye ndoo ndiye ajuaye imejaa lini.

Lugha isiyosamehe

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mapema katika miaka ya sabini. Hadi leo ndiyo inayobeba mifumo mingi ya tarakilishi na vifaa vidogo vya kupimia. Ina kasi na haitaki kumbukumbu kubwa. Hata hivyo, haimlindi mwandishi wake. Ukisema kitu kina urefu wa baiti 100 ilhali kina 40, C itakuamini na kusoma 60 zisizo zako.

Anayetaka kutumia SSH ndani ya programu ya C haanzi kuandika itifaki yote upya. Hutumia maktaba ya programu iliyokwisha kutengenezwa. Mbili zinazojulikana zaidi ni libssh na libssh2, ambazo licha ya kufanana kwa majina ni kazi za watu tofauti na hazibadilishani. Mifano ya makala haya inahusu libssh.

Hatua zake ni hizi. Programu hufungua kikao kwa ssh_new, hutaja seva inayotakiwa kwa ssh_options_set, kisha huunganishwa kwa ssh_connect. Hukagua utambulisho wa seva kwa ssh_session_is_known_server, halafu mtumiaji hujitambulisha kwa nywila au kwa ufunguo. Baada ya hapo chaneli hufunguliwa, amri hutumwa kwa ssh_channel_request_exec, na hatimaye jibu husomwa kwa ssh_channel_read.

Hatua hiyo ya mwisho huonekana nyepesi kuliko zote. Unaipa chaneli, unaipa bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu uliyoitenga kupokea data, unaiambia bafa hiyo ina nafasi ya baiti ngapi, na unataja mkondo unaotaka kusoma. Nayo hukurudishia namba. Wanafunzi wengi huitazama bafa na kuisahau namba, ilhali namba hiyo ndiyo yenye ukweli.

Mvua ya Salama

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mbali na maisha ya Ukambani. Kaunti za Makueni na Kitui zimo miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Huko, mvua za vuli za kati ya Oktoba na Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima, na tofauti ya milimita chache huamua iwapo mahindi na ndengu zitakomaa au zitakauka.

Tuseme kuna seva inayohifadhi vipimo vya mvua vya mwezi wa Novemba, na ofisi fulani imeandika programu ya C ya kuvisoma kwa SSH. Seva inatuma mistari mitatu: “MWINGI,140”, kisha “MUTOMO,115”, kisha “SALAMA,120”. Kila mstari una herufi sita za jina, mkato mmoja, tarakimu tatu na alama moja isiyoonekana ya kumaliza mstari. Jumla ni baiti 11 kwa kila mstari, na 33 kwa yote.

Mwandishi ametenga bafa ya baiti 32 na, kwa busara, ameacha moja ya akiba. Anaomba baiti 31. Anapewa 31. Mstari wa Mwingi umeingia wote, wa Mutomo umeingia wote, na baiti tisa zilizosalia zimebeba “SALAMA,12”. Sufuri na alama ya kumaliza mstari bado zinangoja mlangoni.

Ikiwa programu inasoma mara moja tu na kuondoka, itaandika kwamba Salama ilipata milimita 12 za mvua mwezi mzima badala ya 120. Hakuna onyo litakalotolewa. Hakuna aliyeingilia waya, hakuna nywila iliyoibwa, na fumbo la SSH halikuvunjwa. Kila baiti iliyopokelewa ni sahihi. Ila habari ni ya uongo.

Atakayesoma takwimu hiyo ataona ukame pasipo na ukame. Kosa lingeweza kuelekea upande wa pili pia: neno “hakuna” likatika kabla ya kufika, na afisa akaamini kwamba kuna.

Ubaya ni kwamba kosa hili hujificha wakati wa majaribio. Mwandishi anapojaribu programu yake mezani, kwa kawaida hutuma mstari mmoja mfupi, nao hufika wote kwa mara moja. Hufurahi na kudhani kazi imekwisha. Siku data inapokuwa nyingi, au mtandao unapokuwa wa polepole, vipande huanza kufika visivyolingana, na lawama hutupiwa mtandao.

Haba na haba

Dawa yake iko katika methali tunayoifahamu sote: haba na haba hujaza kibaba. Usomaji lazima uwe ndani ya kitanzi. Programu husoma kipande, hutazama namba iliyorudishwa, huongeza baiti hizo hasa, si zaidi, katika ghala lake, kisha husoma tena. Haifasiri mstari wowote hadi ione alama ya kumaliza mstari. Kisicho na mwisho huwekwa kando kikisubiri wenzake.

Njia nyingine ni wanaozungumza kukubaliana mapema kwamba kila ujumbe utatanguliwa na urefu wake. Msomaji akiambiwa kwamba zinakuja baiti 33, hatatulia na 31. Ni sawa na mwenye ghala Nairobi anayengoja magunia 600 kutoka bandarini. Haulizi lori la kwanza limefika au la, anahesabu magunia. Tofauti ni kwamba malori huweza kupitana barabarani, ilhali baiti za SSH hufika kwa mpangilio zilivyotumwa. Lakini ni baiti ngapi zitakazoingia kwa mkupuo mmoja, hilo halina ahadi.

Namba inayorudishwa na ssh_channel_read ina maana tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ikiwa ni zaidi ya sufuri, ndiyo idadi ya baiti zilizopatikana. Ikiwa ni sufuri, kwa usomaji wa kawaida unaosubiri, upande wa pili umemaliza kutuma. Ikiwa ni chini ya sufuri, kuna hitilafu, na maktaba hutumia namba hasi moja kuitambulisha.

Upo pia usomaji usiosubiri, wa ssh_channel_read_nonblocking, unaofaa programu yenye shughuli nyingine. Huo huweza kurudi mikono mitupu kwa sababu tu data haijafika. Aliyeuchukulia ukimya huo kuwa mwisho ameondoka kituoni kabla ya basi. Kabla ya kuamua kwamba yamekwisha, ni heri aulize kwa ssh_channel_is_eof.

Kuna mtego mwingine katika hiyo namba hasi. Mwandishi akiihifadhi katika kigeu kisichokubali hasi chenye biti 32, hasi moja hugeuka kuwa 4,294,967,295. Programu inayojaribu kunakili baiti bilioni nne kutoka bafa ya 32 haifiki mbali. Ikiwa na bahati, itaanguka hapo hapo. Ikikosa bahati, itafungua mlango wa kuingiliwa.

Herufi inayokatwa katikati

Kosa la pili kwa wingi ni kudhani kwamba kilichosomwa ni neno lililokamilika. Katika C, neno hutambuliwa kwa baiti yenye thamani ya sufuri inayowekwa mwishoni mwake. SSH haiweki baiti hiyo, kwa kuwa haijui kama unapokea maneno, picha au muziki. Fankisheni ya kuchapisha ikipewa bafa isiyo na alama hiyo, itaendelea kuchapisha yaliyomo jirani katika kumbukumbu hadi ikutane na sufuri kwa bahati. Huenda jirani huyo ni nywila ya mtu.

Ndiyo sababu mwandishi wa mfano wetu aliacha baiti moja ya akiba. Akipokea 31, huweka sufuri katika nafasi iliyobaki. Akiomba zote 32 na kuzipata, hana tena pa kuiweka, na akiilazimisha itaandikwa nje ya uga wake.

Hapa lugha zetu nazo zina la kusema. Katika mpangilio wa herufi wa UTF-8 unaotumiwa na tarakilishi nyingi leo, herufi za Kiswahili cha kawaida huchukua baiti moja kila moja. Lakini Kĩkamba huandikwa kwa herufi ĩ na ũ zenye kiwimbi juu, na kila moja ya hizo huchukua baiti mbili. Kipande cha data kinaweza kuishia katikati ya herufi, nusu huku na nusu kule.

Programu iliyojaribiwa Nairobi kwa Kiswahili na Kiingereza pekee itapita mtihani. Itakapopelekwa Ukambani na kukabidhiwa majina ya watu na vijiji yaliyoandikwa ipasavyo, alama za ajabu zitajitokeza palipokatwa. Hata Kiswahili hakijasalimika kabisa: kibainishi cha ng’ombe kilichochapwa kwa umbo la kupinda huchukua baiti tatu. Sisi wahariri tumewahi kuziona alama hizo za ajabu kwenye kurasa zetu, na tunajua zinavyomkera msomaji.

Mikondo miwili

Chaneli ya SSH hubeba mikondo miwili kutoka kwa seva: mmoja wa majibu ya kawaida na mwingine wa malalamiko, yaani taarifa za makosa. Tarakimu ya mwisho anayopewa ssh_channel_read ndiyo huchagua. Sufuri ni majibu, moja ni makosa. Asomaye wa kwanza pekee anaweza kupata ukurasa mtupu na kudhani hakuna data, kumbe seva imeeleza kwa urefu katika mkondo wa pili kwamba faili haikupatikana.

Zaidi ya hayo, itifaki huweka kikomo cha data inayoweza kungoja bila kusomwa, na mikondo yote miwili hula katika kikomo hicho kimoja. Malalamiko yasiposomwa na kikomo kikajaa, seva huacha kutuma. Programu nayo inaendelea kusubiri majibu. Kila upande unamngoja mwenzake, na mtumiaji huona skrini iliyoganda.

Baada ya yote kusomwa, ipo ishara moja ya kuulizia: hali ya kumalizika kwa amri, ambayo kwa desturi huwa sufuri ikiwa kazi ilifanikiwa. Amri inaweza kutoa mistari elfu, kisha ikafa kabla ya kumaliza. Mistari hiyo ni ya kweli, lakini si yote. Asiyeuliza hali hiyo hawezi kutofautisha taarifa iliyokamilika na iliyokatika.

Mlinzi naye alindwe

Kusoma kwa uangalifu hakutafaa kitu iwapo seva yenyewe ni ya tapeli. Wapo wanaoruka hatua ya kukagua ufunguo wa seva kwa sababu inachelewesha kazi, au wanaoandika programu inayokubali ufunguo wowote. Huko ni kumkaribisha mgeni usiku bila kumuuliza jina. Data itapita kwa fumbo imara, lakini itakuwa inatoka kwa mtu usiyemjua.

Maktaba nazo si malaika. Oktoba 2018 ilitangazwa kwamba programu za seva zilizojengwa kwa libssh kuanzia toleo la 0.6 zilikuwa na kasoro ya kushangaza: mgeni aliweza kutuma ujumbe wa kusema kwamba amekwisha kukubaliwa, na seva ikamwamini bila kumdai nywila. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika matoleo ya 0.7.6 na 0.8.4.

Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo mawili ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri uliolenga SSH katika baadhi ya mifumo ya Linux. Alichokitilia shaka kwanza ni kwamba majaribio ya kuingia kwa SSH yalikuwa yakitumia nguvu nyingi mno za kichakataji, kisha akaona kwamba kuingia kulikuwa kukichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mtu mmoja aliyezoea kutazama namba aliwaepusha wengi na maafa.

Funzo ni kwamba maktaba husasishwa kila marekebisho yanapotolewa, na namba zinazorudishwa na programu husomwa, hata zile zinazoonekana kuwa ndogo.

Neno la mwisho

Kabla ya barua pepe kuenea, wanahabari wa mashambani walisoma habari zao kwa simu, sentensi kwa sentensi, na mpokeaji katika chumba cha habari akazichapa. Laini ilikuwa ikikatika. Kwa hivyo kila habari ilifungwa kwa neno moja: mwisho. Msanifu aliyepokea kurasa tatu zisizo na neno hilo hakuzipeleka mitamboni. Alijua kwamba huenda aya iliyobaki ndiyo yenye kauli ya mshtakiwa, au idadi halisi ya waliofariki.

Kanuni hiyo haijazeeka. Kijana anayeandika programu ya kusoma vipimo vya mvua, kumbukumbu za zahanati au hesabu za chama cha akiba anashika kalamu ile ile ya msanifu. SSH itamlindia barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi, kupitia Salama na kwingineko. Kuhesabu kilichofika, kuunganisha vipande na kungoja mwisho ni kazi yake mwenyewe.

Mkulima wa Makueni anayesubiri kuambiwa kama apande au asipande hatajua kamwe kilichotokea ndani ya bafa ya baiti 32. Atajua tu kama aliambiwa 12 au 120.